Usinitafutie Dawa kwenye Miguu ya Kanga

Somoe mwanangu,

Salamu za barua nimemwambia mama yako aziruke. Shikamoo yako nimeipokea asubuhi, na hali yangu umeiona mwenyewe ulipokuwa unaninywesha uji.

Mie nasema, mama yako anaandika. Amekaa mkekani karibu na kitanda changu, karatasi kaiweka juu ya sinia. Wewe umekwenda Temeke kumuaga shangazi yako, na najua hatakuachia uondoke bila kula, kwa hiyo tuna mchana wote. Nikichoka nitanyamaza, naye atasubiri. Sauti yangu siku hizi unaijua, inaanza vizuri halafu inalegea kama ya mlevi, lakini mama yako ananielewa hata nikiguna.

Yeye alitaka tuanze na mambo ya safari, pasipoti uiweke wapi, sweta lipi uvae ndani ya ndege. Hayo atakuambia mwenyewe kesho, na atayarudia mpaka uchoke. Mie nina yale ambayo tumekuwa tukiyakwepa humu ndani tangu ulipopata hiyo nafasi.

Nianze na Jumapili, kwenye dua ya kukuaga. Uani watu wamejaa, shehe kasoma, pilau limeiva, na mjomba wako Hamisi akasimama ingawa hakuna aliyemwomba asimame. Akasema, "Jamani, huyu mtoto anakwenda Ujerumani kusomea misuli. Mungu kampa baba yake maradhi ya misuli, na kampa mtoto elimu ya misuli. Hamuoni? Anakwenda kumletea baba yake dawa. Semeni amin." Ikaitikiwa amin mpaka nadhani mtaa wa pili wameisikia.

Mie nilikuwa kwenye kiti, mmenizungushia mito nisianguke, na nilikuwa nakutazama wewe. Mdomo wako ulisema amin lakini sauti haikutoka. Ukainuka, ukapita katikati ya wanawake, ukaenda kule nyuma tunakonyonyolea kuku. Wao wakasema furaha imemzidi. Watu walipotawanyika ukarudi, ukachuchumaa mbele yangu.

"Baba, unajua mie naenda kufanya nini kule?"

"Najua."

"Niambie."

"Unaenda kupima kanga."

"Kanga gani?"

"Ndege. Anavyokimbia."

Ukaanza kulia. Nikakuambia kwamba shangazi yako yeye anadhani ni kanga za kuvaa, ameniuliza kwenye simu ni doti ngapi na kama unaweza kumletea moja. Ukacheka huku unalia, makamasi yanakutoka kama ulipokuwa mdogo, na mie sikuweza kuinua mkono kukufuta.

Nataka jambo hilo liandikwe ili ubaki nalo. Najua unakwenda kufanya nini. Ulinieleza vizuri, na nilikuwa nakusikiliza hata nilipojifanya nimesinzia. Mtamweka kanga juu ya mkanda unaozunguka, kama zile mashine za kukimbilia za wenye pesa. Mtampachika waya mwembamba kwenye msuli wa mguu, uwaambie msuli unavuta saa ngapi na unavutika kiasi gani. Halafu mtamwekea kizuizi njiani, ajikwae, muone mguu unavyojirekebisha wenyewe kabla kichwa hakijapata habari. Ulipofika hapo kwenye kichwa kutopata habari, macho yako yaliwaka. Yalikuwa hayajawaka hivyo kwa muda mrefu humu ndani. Na mie nikajiambia, haya, Issa, umesikia. Hakuna dawa yako humo.

Mjomba wako nimemwacha na amin yake. Ana haki ya kutumaini. Lakini wewe usiondoke hapa na mzigo huo, maana hauna mwisho.

Watu wananiuliza ulianzaje mambo haya. Mie nawaambia ni kosa langu, nao wanacheka. Ulikuwa hujaanza shule. Nikikata miguu ya kuku naitupa kwenye ndoo, na wewe unaichambua, unatafuta ule uzi mweupe unaotokeza kwenye kiungo. Unauvuta, vidole vinajikunja. Unauachia, vinafunguka. Watoto wote waliokulia karibu na kuku hapa Mbagala wamecheza mchezo huo, wanatishiana nao, wakichoka wanatupa. Wewe ulikuja mezani kwangu na mguu mkononi, wateja wamesimama, ukaniuliza, "Baba, sasa kuku akiwa mzima, nani anauvuta?"

Nikakuambia, "Mungu."

Ukaondoka. Ukarudi. "Na wale wa kwenye matenga wote? Kwa mara moja?"

Nikakufukuza kwa sababu ya maji ya moto. Lakini niliuona uso wako. Jibu langu halikukutosha. Mpaka leo ninafikiri, katika maisha yangu yote, hakuna aliyewahi kuniuliza swali zuri kuliko lile kuhusu kazi yangu.

Basi ukasoma. Ukamaliza digrii ya kwanza, ukamaliza ya pili, ukarudi nyumbani ukakaa. Asubuhi unanyonyoa kuku na mie, jioni unafungua kompyuta kutafuta nafasi. Hapa kwetu kazi ya kitu chako hukuiona. Ulikuwa unanisomea matangazo kwa Kiswahili. Mahali fulani wanataka mtu wa kupima misuli ya mapaja ya farasi. Kwingine chura anavyoruka. Kwingine samaki anavyopiga mkia. Mie nilikuwa nashangaa kwamba dunia hii ina watu wanaolipwa mshahara kumtazama chura akiruka, na nikishangaa ndio unazidi kunisomea. Wateja wangu wakazoea. "Somoe, vipi chura? Wamekuita?" Kisha yanakuja majibu. Wanakushukuru kwa kuomba, wanasikitika, waombaji walikuwa wengi. Uliyasoma kwa sauti ile ile unayosomea bei ya pumba. Nilidhani huumii. Siku moja nikaenda kuchukua kuni nyuma ya nyumba nikakukuta umesimama, paji la uso umeliegemeza ukutani. Nikarudi kimyakimya. Ningekuja nikakushika bega, lakini sikujua niseme nini kuhusu vyura.

Halafu yakaja haya yangu.

Wewe ndiye uliyeona kwanza. Nimevua shati kwa joto, nimekaa, mkono umetulia pajani, na nyama ya juu ya mkono inachezacheza yenyewe chini ya ngozi kama kuna mdudu anatembea. Nikakuita, "Njoo utazame, inacheza singeli." Nilitaka ucheke. Uliweka kuku chini, ukaja ukanishika mkono, ukaukanda hapa na pale, ukaniambia nikunje ngumi, nikakunja.

"Tangu lini, baba?"

"Uchovu tu huo."

"Labda," ukasema, na uso wako ukafunga.

Mie nimekulea. Nilijua palepale kwamba kuna kitu, na wewe ulijua kwamba nimejua. Tukarudi kunyonyoa kuku.

Baadaye kikaja kisu. Hili hukuliona, ulikuwa umekwenda mjini, na sijawahi kukusimulia. Nilikuwa nachinja jogoo wa mteja, jogoo mkubwa wa kienyeji. Nimesema bismillahi, nimepitisha kisu, na katikati ya shingo mkono ukaniacha. Vidole vilifunguka tu. Kisu kikaanguka, na yule jogoo akabaki katikati, hajafa na hajapona, anapiga mabawa, damu inaturukia mie na mteja. Bakari wa meza ya pili ndiye aliyekimbia akammalizia. Mteja alikuwa mama mtu mzima, akaniambia, "Pole baba, ni bahati mbaya." Mie nikanawa, nikampa Bakari kisu changu, nikamwambia, "Kaa nacho." Tangu siku hiyo sijachinja. Nimechinja ndege wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na ninayemkumbuka ni huyo.

Hospitalini tulikwenda wote watatu. Yule daktari alikuwa kijana mpole, akatueleza kwa Kiswahili chepesi. Misuli yangu haina kosa, akasema. Mishipa ya fahamu inayoiamrisha ndiyo inakufa, na msuli usiopata amri unanywea. Unaanza mkono, unakwenda mguu, unakwenda koo. Hakumalizia unakokwenda baada ya koo. Nikamuuliza dawa. Akatazama chini. Nikakutazama wewe, na wewe ulikuwa unatazama dirishani, na nikaelewa kwamba kila alichosema ulikuwa nacho kichwani tangu siku ya mkono kucheza.

Hapo sasa ndipo nilipoharibu, na mama yako amenisihi nisiliseme, lakini anaandika.

Nilikunywa kila kitu nilicholetewa. Mizizi, mafuta, maji ya kusomewa. Hayo ni yangu, hayakukudhuru wewe. Kilichokudhuru ni jioni. Kila jioni nilikuita na kompyuta yako. "Haya, leo wamegundua nini?" Unatafuta. Unaniambia kuna watu wamejaribu kitu kwa panya. "Panya kapona?" Hapana, kaishi zaidi kidogo. "Basi nitafutie ya huyo panya." Unanieleza kwa nini haiwezekani. Kesho yake nakuita tena. Niliona unavyoanza kuchelewa kuja. Niliona unavyoifungua ile kompyuta kama mtu anayefungua jeneza, na nikaendelea kukuita, kwa sababu nilikuwa naogopa na hapakuwa na mwingine wa kumuuliza.

Halafu siku ile nikakuambia, "Nimeungua mikono kwa maji ya moto miaka yote hiyo usome misuli, na leo huwezi kuniambia hata kitu kimoja? Sasa ulisoma nini?"

Uliifunga kompyuta ukaiweka juu ya kabati, na ikakaa pale mpaka ikashika vumbi. Mama yako ndiye aliyeniambia baadaye kwamba siku zile ndizo tangazo la chura lilirudi tena, wanatafuta mtu mwingine, na safari hii wao wenyewe walikuandikia uombe, na wewe hukufungua hata kusoma mpaka muda ukapita. Lile ndilo ulilokuwa ukilitaka kuliko yote. Kanga walikuja baadaye. Kanga ni wazuri, lakini mie najua ulimpenda chura.

Nilikufanya ukiogope kitu ulichokipenda toka hujajua kusoma. Nimepoteza mikono, nimepoteza miguu, na bado nikiulizwa ni kipi kinaniuma zaidi nitataja hicho.

(Mama yako kanipa maji kwa kijiko.)

Ya usaili niyaseme kwa sababu yananifurahisha, na yenye kufurahisha yamebaki machache. Umeme ulikatika, ukafanyia kwenye simu, uani. Mlikuwa mmenitoa nje nipate upepo. Katikati ya mazungumzo jogoo akawika. Yule mama profesa aliyekuwa anakusaili akauliza kitu, nawe ukageuza simu ukamwonyesha matenga. Akacheka. Sikuelewa Kiingereza chenu, lakini nilikuona unamshika kuku mmoja kiwiliwili, unampeleka huku na huku, na kichwa chake kinabaki palepale hewani, hakiendi. Yule mama akaisogelea kamera mpaka nikaona pua tu. Mkasahau kwamba ni usaili. Nilijua pale kwamba umepata.

Na ulipopata ukasema huendi.

Tuligombana, mie na sauti yangu hii mbovu na wewe na kiburi ulichokirithi kwangu. Ukasema utabaki kuniuguza. Nikakuambia mama yako ananiuguza. Ukasema mama anachoka. Ni kweli anachoka. Mama yako hapa anatikisa kichwa kwamba hachoki, lakini anachoka, namsikia akinigeuza. Nikakuuliza, "Ukibaki utafanya nini?"

"Nitakuwa na wewe."

"Utakaa unanitazama. Wewe kila msuli unaujua jina. Utakuwa unaniangalia kila asubuhi unahesabu uliokufa na uliobaki. Mama yako haujui hata mmoja, yeye ananigeuza tu. Sitaki mtu wa kunihesabu."

Lilikuwa neno kali, na nilikusudia liwe kali, maana maneno laini ulikuwa unayashinda. Ulikwenda chumbani. Asubuhi ukatoka ukaniambia umewajibu kwamba unakuja, ukaniuliza kama nimeridhika. Nikasema ndiyo. Sikuridhika. Mtu anaridhikaje na jambo kama hilo? Nilitaka uende, na nilitaka ukatae nisikusikie tena ukisema habari ya kwenda. Yote mawili nilikuwa nayo kwa pamoja, na ninayo hata sasa hivi.

Sasa nikuambie machache niliyonayo, ukiona hayakufai uyaache.

Sitakuambia mambo yatakuwa mazuri. Nilikuwaga nasema hivyo kwa kila mtu, mteja akinieleza shida zake namwambia yatakuwa mazuri mama, namfungia kuku wake. Nilikuwa sijui ninachosema. Hiyo nafasi yako ni ya muda. Itakwisha, na ikiisha sijui utarudi kwenye nini, maana hapa hapatakuwa na mkanda wa kukimbiza kanga, na huko watakuwa na watu wao. Inawezekana ukarudi kuandika maombi na kusoma "tunasikitika". Nimejaribu kulitazama hilo liwe na sura nyingine, sijafanikiwa. Ninachoweza kukuambia ni kwamba ukiwa umesimama na paji la uso ukutani, usidhani hakuna aliyekuona. Kuna baba mmoja alikuona, akashindwa kusema.

Uliniambia kwamba mwisho wa majaribio ndege wengine wanauawa ili mfungue mguu mtazame. Ulinificha kidogo halafu ukasema, kama mtu anayesubiri kugombezwa. Mie nikugombeze wewe kwa kuua ndege? Lakini kazi hiyo naijua, kwa hiyo nisikilize. Kuna kipindi nilizoea nikawa nachinja huku naongea na wateja, simtazami hata ndege. Kipindi hicho ndicho nilichochinja vibaya, na wao wakaumia zaidi ya ilivyopaswa. Siku mkono wako ukizoea, pumzika. Mtazame kwanza. Mtu asiyeweza kumtazama asimguse.

Na kule watakuuliza kwa nini ulichagua misuli. Nakujua, na watu nawajua. Ukiwaambia baba yangu anaugua ugonjwa wa misuli, watainamisha vichwa, watakuheshimu, watakuona una sababu kubwa. Itakuwa rahisi mno. Usiwaambie hivyo. Waambie kweli, kwamba ulivuta uzi kwenye mguu wa kuku ukataka kujua nani anauvuta kuku akiwa hai. Hiyo inatosha, na ilikuwepo kabla yangu mie kuumwa. Usinitafutie dawa kwenye miguu ya kanga, Somoe. Utawaharibu kanga, na utajiharibu wewe. Kila utakachokigundua utakipima kama kinanifaa, na hakitanifaa, na utakichukia. Nimekwisha kukufanyia hivyo mara moja. Usinisaidie kuifanya tena nikiwa sipo.

Sasa hili la mwisho.

Mama yako ameweka kalamu chini. Nimemwambia ninachotaka kiandikwe, akasema, "Hilo siliandiki, baba Somoe." Akatoka. Nimemsikia uani anasogeza masufuria yasiyo na haja ya kusogezwa. Amerudi, amekaa, macho yamemwiva. Ananiambia niseme polepole.

Nikifa usije.

Nitazikwa siku ile ile, au kesho yake asubuhi kama ni usiku. Hutawahi, hata ndege ingekuwa inakusubiri mlangoni. Nimemkataza mama yako na mjomba wako kunichelewesha. Utakuwa hewani huku mie niko chini tayari, na utafika kwenye nyumba imejaa watu wanaokuangalia wewe. Usijitese. Kaa huko, soma Yasini, siku ya pili nenda kazini ukiweza. Kama huwezi, usiende.

Mama yako ananiambia, "Mtoto lazima aje, aone kaburi." Namwambia kaburi haliondoki. Anasema, "Wewe mwenyewe ulikwenda kwa baba yako." Ndiyo, nilikwenda, na ndiyo maana nasema. Hujawahi kusikia habari hii vizuri. Walinitumia ujumbe nikiwa hapa Mbagala kwamba mzee anaumwa, anakutaka, njoo. Barabara ya kusini enzi hizo ilikuwa tope tupu, na Rufiji tunavuka kwa kivuko. Nilinunua machungwa kwa sababu aliyapenda. Tulikwama njiani, tukalala, watu wanasukuma basi, mie nayakumbatia machungwa yasibondeke. Nimefika Lindi, nakaribia nyumbani, naona mkeka umetandikwa nje na wazee wamekaa. Wakati wananitumia ujumbe walikuwa wamekwisha kumzika. Wakasema hawakutaka nipate mshtuko njiani. Kila mtu alinishika mkono wa pole, na mie mkono mwingine nina mfuko wa machungwa, sijui niuweke wapi. Sikuwasamehe. Baba nilimlilia nikamaliza, lakini zile saa nilizokaa ndani ya basi nikimwombea apone mtu aliyekwisha zikwa, hizo sijazimaliza mpaka leo.

Nimechoka sasa. Mama Somoe, muandikie kwamba nampenda, halafu acha. Hapana, usiache, ongeza kwamba kesho atakapotoka asigeuke mlangoni kunisubiri nimpungie. Mkono hauwezi. Apite tu, mie nitakuwa namtazama mgongo.

Baba yako.

Somoe, hapa ni mimi mama yako. Amelala, mdomo wazi, anavyolala siku hizi. Nimeandika kila alichosema, hata niliyoyakataa, na pale aliposema polepole nimeandika polepole.

Mimi sina mengi. Hilo la kuja au kutokuja utaamua mwenyewe, mimi sitakulaumu kwa lolote. Ila nimemsikia habari ya machungwa, na miaka yote niliyoishi naye hakuwahi kunisimulia hivyo. Kwa hiyo nimeamua jambo. Mimi ndiye nitakayekupigia. Simwachii mjomba wako, simwachii shangazi. Sitasema amezidiwa, sitasema jiandae. Nitasema baba yako amefariki, kwa maneno hayo hayo, na nitakaa kwenye simu mpaka uniambie umesikia.

Siku nyingine zote sitakupigia. Nitakutumia sauti kwenye WhatsApp, utasikiliza ukitoka kwa kanga wako, na wewe utanijibu hivyo hivyo. Ukitaka kuniona, piga wewe. Mimi nitapiga mara moja tu. Kwa hiyo ukiona jina langu linaita, popote utakapokuwa, kaa chini kwanza, mama, ndipo upokee.